Chujio gani kwa tangi la sm 180 lenye mimea mingi?

Malaika180:

Wakuu, habari za wakati huu.

Naomba mawazo kabla sijatoa hela. Nina tangi jipya la sm 180 kwa 60 kwa 60, kioo cha milimita 12. Limeshaungwa, liko juu ya kabati lake, na bado halijaonja tone la maji. Humo nataka mimea iwe ndiyo wenye nyumba: Vallisneria nyuma kwa urefu wote, Echinodorus mbili tatu kubwa katikati, Cryptocoryne mbele, na Anubias zimefungwa kwenye gogo. Samaki watakuwa malaika sita, kundi la tetra kadinali, na korido wa kuchakura chini. Mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi ya kulishia mimea sianzi nao, ila nisijifungie mlango wa kuuongeza baadaye.

Chujio ndilo linalonikosesha usingizi. Kila ninaposoma naambiwa tangi la mimea lipitishe maji yake yote mara kumi kwa saa. Kwa rula tangi langu ni lita 648, maana yake natafuta lita 6,500 kwa saa. Machujio ya mtungi yanayokaa nje, mengi niliyoyaona yameandikwa kati ya 1,000 na 2,500. Sasa ninunue matatu? Manne? Rafiki yangu anayefuga samaki wa maji chumvi ananicheka, anasema niachane na mitungi niweke sampu, yaani tangi la pili la kuchujia, ndani ya kabati.

Halafu kuna hili: kabati lina kimo cha sm 85, chujio litakaa chini kabisa. Je, pampu itaweza kupandisha maji karibu mita moja na nusu hadi juu ya tangi? Sioni mtu akilizungumzia.

FundiSponji:

Mkuu, tuanze na hiyo 648 maana ndiyo inayokutisha bure. Umepima kwa nje. Kioo cha milimita 12 kinakula sehemu yake kila upande, hivyo ndani una kama sm 177.6 kwa 57.6. Kimo nacho ondoa kioo cha kitako, ondoa sm 4 za juu ambazo hujazi, ondoa sm 7 za udongo. Unabaki na safu ya maji ya sm 47.8. Piga hesabu uone: haifiki lita 490. Weka gogo na mawe, una maji ya lita 470. Ndiyo hayo unayoyachuja, na ndiyo utakayotumia hata siku ya kupima dawa, kwa hiyo yaandike mahali.

Sasa namba ya kwenye boksi. Ile hupimwa chujio likiwa jipya, mara nyingi bila sponji wala pete za kauri ndani, na mipira mifupi. Ukishalijaza, ukaunga mipira yako na kona zake mbili tatu, halafu likakaa mwezi likimeza uchafu, chujio la 2,000 kukupa 1,000 ni jambo la kawaida kabisa. Usiamini boksi, usiniamini na mimi, pima. Chukua ndoo ya lita 20, inua mdomo wa mpira wa kurudishia, hesabu sekunde hadi ijae, kisha gawa 72,000 kwa hizo sekunde. Sekunde 75 ni lita 960 kwa saa. Ila ndoo ishikiliwe usawa wa uso wa maji ya tangi. Ukiiweka sakafuni maji yanavutwa na mteremko wenyewe, utapata namba tamu ya uongo.

Hapo tuje kwenye mita yako moja na nusu, swali ambalo watu wengi hawaliulizi wakabaki kuogopa. Chujio la mtungi halipandishi maji. Mpira wa kushuka umejaa maji, mpira wa kupanda umejaa maji, na vyote viwili vinaanzia na kuishia kwenye tangi lile lile. Uzito wa upande mmoja unausukuma wa upande wa pili, vinalingana. Kazi ya pampu ni kushinda msuguano tu: mipira, koki, sponji, uchafu. Ndiyo maana wati 20 zinatosha. Lakini angalia kimo ambacho mtengenezaji amekiruhusu kati ya uso wa maji na kitako cha chujio, kwa sababu ule mgandamizo wa maji unabebwa na oringi (ile pete ya mpira ya kuziba) na vibanio vya kifuniko. Na mipira usiiache mirefu ya kujikunja ndani ya kabati kama nyoka. Kata ibaki na urefu wa kukuwezesha kulitoa chujio nje, basi. Kipenyo usikipunguze hata kidogo, maana msuguano hupanda kwa kasi sana bomba likiwa jembamba.

Sampu ni habari nyingine. Kule maji yanaanguka hadi chini yakiwa huru, na pampu inayanyanyua kweli kweli kimo chote. Hapo ndipo ile jedwali ya pampu, lita ngapi kwa kimo gani, inapohitajika.

Sasa "mara kumi". Kanuni hiyo imetoka kwa watu wenye taa kali na kaboni dioksidi ya mtungi, na wengi wao wanahesabu namba za boksi, si za ndoo. Wewe unaanza na mwanga wa wastani bila gesi. Mimi natunza matangi ya watu, na kwa tangi la namna yako huridhika na mara nne ya mtiririko wa kweli. Kwako ni kama lita 1,900 kwa saa kwa ndoo. Machujio mawili yaliyoandikwa kati ya 1,700 na 2,000 yanakufikisha.

Na nasema mawili kwa makusudi. Moja kubwa linaweza kutoa mtiririko ule ule, lakini likigoma usiku tangi zima limesimama. Ukiwa na mawili unaliosha moja wiki hii, jingine baada ya wiki kadhaa, na bakteria wa ndani wanaosafisha maji hawaguswi wote siku moja. Kwenye tangi la sm 180 pia unapata midomo miwili ya kunyonya na miwili ya kutoa, jambo ambalo chujio moja, hata liwe na nguvu za tembo, haliwezi kukupa.

Jambo la mwisho, kisha nikapumzishe vidole. Watu hununua chujio kubwa wakitaka maji yazunguke. Kuchuja na kuzungusha ni kazi mbili. Ukishapanda mimea ukaona kuna kona majani hayatikisiki, uchafu unatuama na mwani mweusi wa manyoya unaanza, usikimbilie chujio la tatu. Tia pampu ndogo ya kuzungushia maji, ya wati tano sita, uielekeze kwenye hiyo kona. Imekwisha.

Pampu_ya_Chini:

Naona sampu inasemwa vibaya, ngoja nimtetee rafiki wa mleta mada. Sampu inakuongezea maji, na maji mengi hayabadiliki ovyo. Hita inajificha, vipimo vinajificha, uso wa tangi unabaki kimo kile kile kila siku kwa sababu maji yanayokauka yanapungua kule chini. Ule utando wa mafuta juu ya maji huuoni maishani, unavutwa na mfereji wa kumwagia. Kusafisha ni kutoa soksi ya chujio na kuweka nyingine, hakuna kulala chini ukipigana na vibanio. Tangi la ukubwa huu, mimi nisingefikiria kitu kingine.

FundiSponji:

Mkuu, sina ugomvi na sampu, uliyosema yote ni kweli. Lakini yeye ameshaungiwa tangi. Kutoboa kioo kikiwa kimeshasimama inawezekana kwa cha nyuma, ila ahakikishe kwanza si kile kioo kilichoimarishwa kwa joto, maana hicho ukigusa na drili kinasambaratika chote. Asipotoboa, anabaki na lile sanduku la kuning'inia linalovuta maji kupita juu ya ukingo. Hewa ikiingia humo mvuto ukakatika, pampu ya chini haina habari, inaendelea kusukuma mpaka chumba chake kikauke, na maji yote hayo yako sakafuni.

Pili, gesi. Anasema ipo siku ataongeza kaboni dioksidi. Kila maji yanapoanguka na kupiga povu, gesi inatoroka. Inazuilika: bomba la kushukia lijae maji bila kunywa hewa, sampu ifunikwe. Lakini unaanza kupambana na kitu ambacho chujio la mtungi lililofungwa halikuletei kabisa.

Pampu_ya_Chini:

Hilo la gesi nakubali. La mafuriko silikubali moja kwa moja: ukipima ili maji ya chumba cha pampu yaweze kuingia tangini bila kumwagika, na umeme ukikatika sampu iweze kupokea yale yanayorudi, huna mafuriko. Tatizo si sampu, ni watu wasiopima. Ila kama tangi halijatobolewa, na mimi nisingetumia lile sanduku. Nenda na mitungi.

MamaKorido:

Habari zenu. Nyote mmesema lita, hakuna aliyewauliza malaika wanataka nini 😄

Malaika ni samaki bapa, mwili wote ni tanga. Mkondo mkali unamchosha, anakaa kona moja kutwa nzima akipiga mapezi. Kwa hiyo mwanangu, midomo ya kutolea usiiache iwe bomba moja linalopiga kama mpira wa bustani. Tumia bomba refu lenye matundu, moja kila chujio, yote mawili ukutani nyuma yakitazama mbele, chini kidogo ya uso wa maji. Maji yanasafiri hadi kioo cha mbele, yanashuka, yanarudi chini kupita katikati ya mimea. Mkondo upo kila mahali lakini hakuna mahali unapomkaba mtu. Uso utikisike, usirushe matone. Usiku mimea nayo inavuta oksijeni, msisahau, na huo mtikisiko ndio unaoirudisha.

Kwenye midomo ya kunyonya vika sponji nyeusi yenye matundu makubwa. Majani ya Vallisneria yakikatika yanaelea na kwenda kuziba pale, na ukija kupata watoto wa korido utanishukuru. Hiyo sponji ndiyo utakayoiosha mara kwa mara; mtungi wenyewe unakaa muda mrefu bila kufunguliwa.

Kuna njia nyingine haijatajwa, ukuta wa sponji, ule Wajerumani wanaouita Hamburger Mattenfilter. Ni kipande kimoja cha sponji kinachosimama upande mfupi wa tangi kuanzia kitako hadi juu, nyuma yake pampu ndogo. Maji yanapita taratibu, sm 5 hadi 10 kwa dakika. Kwa tangi lako ni lita elfu moja na zaidi kidogo kwa saa, na ukuta huo unaweza kukaa miaka bila kuguswa. Kwa matangi ya kuzalisha sitaki kitu kingine. Kwa tangi la sebuleni unapoteza sm 10 za upande na inabidi upende sura yake. Cryptocoryne na mosi (ile mimea midogo inayotambaa juu ya mawe na magogo) zikishaushika hauonekani.

Na kadinali wanunue wakubwa. Malaika akikomaa, kadinali mdogo ni chakula.

FundiSponji:

Mama yuko sahihi kuhusu sponji ya mdomoni. Kwenye mabomba natofautiana naye kidogo. Matundu madogo huziba kwa mwani ndani ya wiki chache na mtiririko unakufa bila wewe kujua, tena bomba lote la nyuma likianza kuota manyoya utalichukia. Mimi ningeweka midomo miwili mipana kwenye upande mfupi mmoja, mmoja kona ya nyuma na mmoja kona ya mbele, maji yasafiri juu kwa urefu wote, yagonge upande wa pili na kurudi chini. Midomo ya kunyonya iwe upande ule ule wa kutolea. Kitu cha kukwepa ni kuweka mmoja kulia na mwingine kushoto vikitazamana: mikondo inagongana katikati, na pale pale katikati ndipo unakusanya uchafu.

MamaKorido:

Sm 180 ni ndefu, fundi. Mkondo ukifika upande wa pili na Vallisneria zimejaa umeshachoka. Brashi ya chupa inasafisha matundu kwa dakika tano.

FundiSponji:

Atajaribu zote mbili, mipira haijagundishwa 🙂 Njia rahisi ya kujua: saga chembe za chakula cha samaki vidoleni, zilowanishe, ziachie karibu na mdomo wa kutolea, kaa pembeni utazame zinaenda wapi na zinatua wapi. Tangi litakuambia nani kati yetu ameshinda.

Malaika180:

Nashukuru sana, kichwa kimetulia. Sampu nimeifuta: nimemuuliza aliyeniungia tangi, kioo cha kitako kimeimarishwa kwa joto na cha nyuma hana uhakika nacho. Nakwenda na mitungi miwili.

Maswali yaliyobaki. Ndani niweke nini? Kila chujio linakuja na mifuko: pete za kauri, mkaa, sponji nyembamba, pamba nyeupe, vingine vina vipande vya matumbawe. Nijaze vyote? Umeme ukikatika saa nyingi nifanye nini? Na nina tangi dogo la lita 100 lenye chujio la ndani linalofanya kazi vizuri, je lina faida yoyote kwa hili jipya?

FundiSponji:

Matumbawe toa. Yanayeyuka polepole na kupandisha ugumu wa maji, na kadinali wako anatoka kwenye maji laini. Mkaa weka kabatini. Una siku zake: kuondoa mabaki ya dawa baada ya kutibu, au rangi ya chai ikitoka kwenye gogo ikakukera. Ukishajaa haufanyi kitu tena zaidi ya kuwa makazi ya bakteria, na makazi unayo tayari.

Pete usijaze mtungi mzima. Kwenye tangi ambalo mimea imekubali, mimea yenyewe inanyonya amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, tena mingi huipenda kuliko naitreti ambayo bakteria huitengeneza kutokana nayo. Bakteria wako wanapata makombo. Kwa hiyo ndani ya mtungi tafuta nafasi ya maji kupita, si kushindana nani ana pete nyingi. Mimi hupanga hivi, kwa kufuata njia ya maji: sponji nene ya matundu makubwa kwanza, kisha ya matundu ya kati, kisha trei moja ya pete. Angalia maji ya chujio lako yanaanzia wapi. Mengi yanashuka kwanza hadi kitako kisha yanapanda, hivyo sponji nene inakaa chini. Pamba nyeupe ni ya siku ya kupanda na kung'oa, tope likiwa limetibuka. Iache siku mbili tatu uitupe. Ukiisahau ndani, itashika kila kitu na mtiririko utashuka nusu.

Kuosha: maji ya tangi uliyoyatoa, kwenye ndoo, kamua sponji mpaka tope kubwa litoke. Isiwe nyeupe kama mpya. Maji ya bomba yenye klorini yanaua wale unaowafuga. Kila ukifungua, futa oringi, ipake mafuta ya silikoni kidogo, na toa kile kipande cha sumaku chenye mapanga ndani ya pampu ukisugue. Kelele nyingi za chujio zinaanzia hapo. Lini ufungue? Ndoo itakuambia. Pima mtiririko siku ya kwanza; ukishuka theluthi moja, fungua.

Umeme ndio udhaifu wa kweli wa mtungi, na sipendi unavyofichwa. Maji yakisimama ndani ya chombo kilichofungwa, bakteria wanamaliza oksijeni iliyomo, na baada ya hapo wanaanza kufa. Saa moja hivi si neno. Zikiwa nyingi, funga koki, fungua mtungi, mwaga yale maji, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Yakinuka yai bovu, hapo usijiulize mara mbili, hayo yasirudi kwa samaki. Nunua pampu ndogo ya hewa ya betri na sponji moja ya kawaida, ikae kabatini. Samaki watapumua na sponji itafanya kazi.

Kuhusu gesi ya baadaye: kifaa cha kuyeyushia kiunge kwenye mpira wa kurudishia wa chujio moja, baada ya chujio. Ukiingiza gesi upande wa kunyonya, mapovu yanakusanyika chini ya kifuniko na pampu inaanza kukoroma.

Pampu_ya_Chini:

Na koki za kufungua kwa mkupuo ziwe kwenye mipira yote miwili, za kipenyo kile kile cha mpira. Nyembamba zinabana mtiririko.

MamaKorido:

Tangi dogo ni hazina. Chujio jipya moja liungwe hapo hata leo, likiwa na sponji zake, kama mipira inafika na mkondo unaweza kupunguzwa kwa koki. Likae kando ya lile la zamani wiki nne au zaidi. Kama haifiki, kamulia sponji ya zamani ndani ya ndoo, na lile tope la kahawia lote lipeleke kwenye machujio mapya siku unayojaza maji. Linachukiza kuliangalia lakini ndilo lenye Nitrospira, bakteria wako wa kusafisha maji.

Udongo wako ni wa namna gani? Kama ni ule mweusi wa punje wenye rutuba, wiki za mwanzo unatoa amonia wenyewe. Jaza maji, panda mimea mingi siku hiyo hiyo, washa machujio yote mawili, badilisha maji mara kwa mara, na malaika wasubiri dukani.

Malaika180:

Ni huo huo mweusi wa punje. Mipira haifiki, vyumba viwili tofauti. Nitakamua tope. Samaki niingize lini?

MamaKorido:

Kalenda haina jibu hapo. Pima amonia na naitraiti, ile sumu ya katikati amonia inapogeuka kuwa naitreti. Vyote viwili vikisoma sifuri siku kadhaa mfululizo, na mimea imetoa majani mapya, anza na korido wachache. Kadinali wafuate. Malaika wawe wa mwisho, wakiwa wadogo, wakute wenzao wameshakua.

FundiSponji:

Na siku ya kuwasha, usiku ule usilale kabla hujashika kila muungano kwa karatasi kavu ya kujifutia. Tone moja unaliona kwa urahisi zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye mpira. Halafu urudi utuambie ndoo imesema sekunde ngapi.